Tabaka la Juu

Siku ya kwanza kompyuta ya studio iliponisikia nikipiga ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, iliamua kwamba mimi ni mgonjwa. Iliwasha alama nyekundu kila nilipogusa sauti ya tatu, halafu ikaandika kwa adabu: Makosa arobaini na moja. Tuyanyooshe?

Nilikuwa nimesomea ganuni miaka tisa kwa Maalim Mbaruku, mitatu ya mwanzo bila kuruhusiwa kupiga wimbo hata mmoja, na sasa sanduku lisilo na kidole wala sikio lilikuwa linaomba linitibu.

"Bonyeza hapana," alisema Fundi Hilda bila kuinua kichwa. "Na usiitukane. Inakumbuka."

"Hizo si makosa, Fundi. Ni sauti zinazokaa katikati. Kinanda hakina kitufe chake."

"Najua. Ila aliyeitengeneza alikuwa na kinanda tu nyumbani. Twende."

Fundi Hilda Shemweta ndiye aliyekuwa mwalimu wangu mpya. Mtu wa Lushoto, mfupi, mpole wa uso na mkali wa ulimi, mwenye imani kwamba sisi wa muziki wa kusomea ni kuku wa kizungu: tumelelewa vizuri, tukiachiwa uani tunakufa. Aliniita profesa. Biti yangu ya kwanza aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nani amefariki.

Mji ulikuwa umehama pwani tangu maji yapande, kwa hiyo studio yetu ilikuwa huku juu, ndani ya kiwanda kikongwe cha mkonge. Tulirekodi palipokuwa na korona, ile mashine iliyomenya majani ya mkonge enzi za mababu, na tulimiksi kwenye chumba cha kupimia marobota. Nilijifunza kushusha besi, kufuta mvumo wa feni, kuweka mwangwi wa msikiti kwenye sauti ya mtu aliyeimbia chooni. Maalim alikuwa amenifundisha kuficha pumzi yangu ninapopiga. Fundi akanifundisha kuikata kwa kidole kimoja, ikaenda kwenye pipa la taka kwenye pembe ya kioo cha kompyuta, na pumzi zangu zikawa zinakaa humo pamoja na vikohozi vya wateja.

Lakini si kumiksi kulikotupa jina. Jina tulipewa na kisikizi.

Kisikizi kilikuwa sanduku la kioo, urefu wake sawa na jeneza la mtoto. Siku hizo kila mtu alishajua kwamba mbao huhifadhi sauti. Unachopiga au kusema karibu na ubao mkavu huacha mtikisiko ndani yake, tabaka juu ya tabaka, kama rangi za mlango wa zamani. Kisikizi huupasha ubao joto la taratibu, kikasoma rangi hizo moja baada ya nyingine, kuanzia ya chini kabisa. Tatizo ni kwamba husoma mara moja tu. Kikishasoma, sauti zimetoka kama mvuke, na ubao unabaki bubu maisha.

Watu walileta milango. Walileta mbuzi za kukunia nazi zilizokaliwa na bibi zao. Bwana mmoja alileta kitanda cha mninga, anatafuta ushahidi juu ya mkewe. Fundi akamwambia, "Nikikisoma utasikia na wewe unavyokoroma, miaka kumi na minne. Bado unataka?" Akakibeba akarudi nacho.

Nilicheka sana siku ile. Niliisimulia kwa kila mtu. Ndivyo nilivyokuwa.

*

Bi Mwanaidi alikuja siku ya pili baada ya kutoka eda. Miezi minne na siku kumi alikuwa ndani, mjane wa Maalim Mbaruku, na safari yake ya kwanza barabarani ilikuwa ya kuja kwetu. Ganuni aliipakata mwenyewe, imefungwa kwenye kanga mbili kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, binti yangu Kombo. Umekonda. Huku hawali?"

"Tunakula umeme, Bi."

Alitabasamu kidogo, kwa heshima ya utani, akakaa. Fundi akamletea maji. Bi hakuyanywa. Alizungumza akiitazama kanga, si sisi.

"Miaka thelathini na minane nimekaa na yule bwana. Ameozesha mkoa mzima. Nyimbo za maharusi, nyimbo za kutahiri, mpaka za ubunge katunga. Mimi nikimuuliza, Mbaruku, wangu uko wapi, ananiambia wako unapikwa, wa harakaharaka ni wa wateja."

"Alikuwa anapenda kuchelewesha," nikasema. "Mimi alinichelewesha miaka mitatu."

"Wewe ulikuwa na papara." Akanyoosha pindo la kanga. "Nipo Muheza, namuuguza dada yangu. Mbaruku akanipigia simu alasiri. Akasema, Mwanaidi, wimbo wako umekwisha. Nikamwambia nipigie sasa hivi nisikie. Akasema kwenye simu hauenei, ukirudi. Siku ya pili yake nikapigiwa simu na jirani."

Nje upepo ulikuwa unapiga mabati ya kiwanda.

Fundi alimweleza kila kitu, polepole, mara mbili, kama anavyowaeleza wote: wimbo ukitoka, ganuni haitasema tena. Bi aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia, nikajua anachotaka kusema kabla hajakisema, maana alikuwepo siku Maalim aliponiambia mbele ya wageni kwamba ganuni ile, akiondoka, ni yangu.

"Kombo. Mimi sijasahau alichokuahidi. Nakuomba."

Nilijibu haraka. "Bi, ni ya nyumbani kwenu ile. Mimi nitachukua gitaa nimuue Fundi kwa presha."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Alhamisi nitakuja kuusikiliza," akasema.

*

Jumatatu, siku ya kuisoma ganuni, nilifika studio saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili niwe nayo peke yangu. Ndiyo, nataka niseme ukweli wote: nilitaka kuagana nayo.

Niliifungua kanga. Ilikuwa imekaa miezi minne bila kuguswa, na nyuzi zake sabini na mbili zilikuwa zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Kila sauti ya ganuni ina nyuzi tatu, na Maalim alikuwa na sheria moja iliyozizidi zote: ganuni haitoki mbele ya watu haijasawazishwa. Ni sawa na kumtoa bibi harusi hajavaa. Nilimwona mara moja akiwaweka wageni wa serikali saa nzima juani kwa sababu waya mmoja ulikuwa unamkatalia.

Basi nikachukua ufunguo, nikaanza kuisawazisha. Sikufikiri. Unafikiri unapovaa viatu?

Ilinichukua muda mrefu. Nilipiga mluzi. Nilipofika kwenye sauti ya tatu nikakuta jambo la ajabu kidogo: nyuzi zake zote tatu zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kilekile, sawasawa, na zile za sauti hiyohiyo chini na juu yake vilevile. Waya ukilegea wenyewe hulegea kivyake, kila mmoja na uvivu wake. Hizi zilikuwa zimeshuka kama watu waliokubaliana.

"Nyinyi mmelala pamoja," nikaziambia. "Amkeni."

Nikazipandisha mahali pake.

Ilipokaa sawa sikupiga wimbo. Nilikuwa nimeapa sitapiga. Niliilaza ndani ya kisikizi, nikaipanga kanga yake pembeni, na Fundi alipoingia saa tatu na maandazi mkononi alikuta kila kitu tayari, akaniambia leo profesa umekuwa fundi.

Tulivaa hedifoni. Joto likapanda, na sisi tukasikia vipande tu wakati kompyuta inahifadhi yote.

Kwanza ilikuja randa ya seremala, na seremala mwenyewe akikohoa. Kisha kijana mmoja anajifunza, anakosea, anajicheka. Nilichelewa kutambua kwamba kijana huyo ni Maalim. Vikaja vigelegele vya harusi ambazo watoto wake sasa ni wazee. Ikaja sauti ya Bi Mwanaidi, nyembamba, ya msichana, kutoka mbali: "Chakula kinapoa, wewe." Ikaja tena, nzito kidogo. Ikaja tena. Ndoa nzima tuliisikia kwa chakula kinachopoa.

Halafu nikajisikia mimi, wa miaka kumi na miwili.

"Tena," alisema Maalim.

"Maalim, nimeshapiga mara ishirini."

"Hiyo ya ishirini ulikuwa unahesabu, hukuwa unasikiliza. Tena."

Fundi alinitupia jicho. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, hali ambayo kwenye picha haipendezi.

Tukafika mwaka wake wa mwisho. Kikohozi kilikuwa kimehama kutoka kwa seremala kuja kwake. Alianza kujaribu vipande vidogo, anavipiga, anaviacha, anaguna peke yake kifuani kama alivyoguna siku zote akitunga. Nilikaa wima. Nikamgusa Fundi begani: unakuja, huu unakuja.

Ikafuata sauti kama ya karatasi inayokunjwa. Halafu, safi kabisa, karibu kabisa, waya mmoja ukapigwa. Ukapigwa tena, juu kidogo. Kigingi kikalia. Mtu akapiga mluzi. Waya wa pili. Wa tatu. Na msichana mmoja mchangamfu akasema:

"Nyinyi mmelala pamoja. Amkeni."

Kisikizi kikaandika: Mwisho wa tabaka.

"Huyo nani?" aliuliza Fundi.

"Mimi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Fundi alivua hedifoni akaziweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kilicholala.

"Tabaka la juu ni rangi mbichi," alisema. "Linachukua mwaka kukauka. Ukikaza nyuzi, ubao wote unajikunja na rangi inafutika. Kombo, nimewakataza watu kupiga vyombo, kuvipaka mafuta, kuvifuta kwa maji. Ukutani nimeandika. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu duniani atakisawazisha chombo kinachokwenda kufa."

Alikuwa ameniita Kombo. Nikajua mambo ni mabaya.

"Kwetu haitoki hivihivi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ileile ya yule wa miaka kumi na miwili.

*

Siku ya pili Fundi aliniketisha mbele ya kioo cha kompyuta.

"Tuna saa mia sita za mkono wake," alisema. "Tuna miguno yake, tuna kikohozi chake, tuna namna anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Vile vipande alivyokuwa anajaribu tunavyo pia. Mshonaji anaweza kuvishona."

Mshonaji ilikuwa programu ambayo hakuwa amenifundisha bado. Niliwahi kumuuliza ni ya nini, akasema ni ya wakubwa.

"Umewahi kufanya?"

"Mara mbili. Mama mmoja alileta dawati la marehemu mwanawe. Tabaka lake la juu halikuwa na kitu, watoto walikuwa wameliparua kwa wembe. Nikamshonea mtoto anamuaga mama yake." Alikuna kiganja chake. "Anaisikiliza kila siku, na anasema bila ile angeshakufa. Sijui nilichofanya kinaitwaje. Siwezi kukushauri. Naweza kukuonyesha kitufe."

Niliangalia kitufe. Nilifikiria ule mkono mkavu. Nilifikiria mtu amekaa miezi minne na siku kumi chumba kimoja na ganuni, anaihesabia siku. Nikabonyeza.

Jumanne na Jumatano nilishona. Na hapa ndipo panaponichoma: kazi ilinikaa. Wiki zote zile nilikuwa naangukiaangukia kama ndama, na sasa mikono yangu ilijua. Nilijua Maalim angechelewa wapi, angejirudi wapi, kidole kipi kingekuwa kimechoka. Mshonaji ilinipa kitambaa, mimi nikakikata kwa umbo lake. Nilirudisha pumzi nilizofundishwa kukata. Fundi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaenda nje, hakurudi mpaka saa ya kufunga.

Kazi yangu ya kwanza kutoka safi ilikuwa uongo.

*

Alhamisi Bi Mwanaidi alikuja amevaa kanga mpya na amejifukiza udi. Mtu anayekwenda kwa mumewe. Alikaa kwenye kiti nilichomwandalia kati ya spika mbili, akaweka viganja mapajani.

"Umetoka?" aliuliza.

"Tumemaliza kusoma, Bi," nikasema. Hilo halikuwa uongo. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi.

"Basi subiri kidogo. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio." Alivuta pumzi. "Unajua aliniambia nini tena kwenye simu? Alisema, nimeilegeza sauti moja, nimeishusha mahali ambapo sijawahi kumshushia mtu. Sikumwelewa. Mimi na ganuni wapi na wapi. Lakini nimelifikiria neno lile eda yangu yote. Mahali ambapo hajawahi kumshushia mtu."

Nyuzi tatu, zimeshuka sawasawa. Watu waliokubaliana.

Wimbo wangu haukuwa nayo. Mshonaji ilisoma miaka arobaini ya mkono wake, na kwa miaka arobaini hakuishusha sauti ile hata mara moja. Duniani kote aliyewahi kuiona ilipokuwa alikuwa mmoja, na aliiambia iamke.

"Dakika mbili, Bi," nikasema. "Kuna kitu nirekebishe."

Nikaingia chumba cha marobota, nikafunga mlango. Nilikumbuka kipimo kamili. Sikio langu limelipiwa miaka tisa kwa kazi hiyo. Nikaishusha sauti ya tatu, wimbo mzima, chini na juu. Nikavaa hedifoni.

Sijui niwaeleze vipi. Ulikuwa umekaa kama nyumba nzuri, na sasa mtu akawa anaishi ndani. Kila ulipopita pale chini, ulipita kama mtu anayeinama kumwambia mwenzake jambo sikioni. Nilisikia atakapolia Bi. Ni ubeti wa tatu, Maalim anaguna, halafu inashuka. Hapo hapo. Hapo lazima alie.

Nikafurahi.

Nilipojikuta nafurahi, nikavua hedifoni. Maana furaha ile niliijua. Ni ile ya kusubiri kusifiwa.

Nilirudi nikakaa sakafuni mbele yake.

"Bi, wimbo haupo."

Alinitazama.

"Siku ile ya kusoma nilifika mapema. Niliikuta imelegea, nikaisawazisha kabla ya kuiweka. Kumbe ukikaza nyuzi unafuta kilicho juu. Nimeufuta. Ule niliokuwa nataka kukuwekea tumeushona sisi, mimi na mashine. Ni mzuri. Ukiutaka nitaupiga, ila ujue ni wangu."

Upepo ukapiga tena mabati. Fundi alikuwa mlangoni, anaangalia saruji.

"Ukaisawazisha yote?" aliuliza Bi.

"Yote, Bi."

"Na ile aliyoishusha?"

"Niliipandisha. Nilidhani imelegea."

"Mimi nimelala nayo chumba kimoja miezi minne. Hata vumbi sikuifuta." Hakuinua sauti. "Kwa hiyo wimbo nimeukosa, na ganuni nimeiua."

"Ndiyo, Bi."

"Huo wenu futeni."

Fundi alienda kwenye kioo. Tulisikia kidole chake kikigonga mara moja.

"Niletee hiyo ganuni," alisema Bi.

Nilimletea. Akanionyesha ufunguo kwa kidevu. "Ishushe alipoiweka."

Nikaishusha. Nyuzi zote za sauti ya tatu, chini, kati na juu, mpaka zikarudi zilipolala. Halafu nikavaa pete zenye kucha za kupigia, nikapiga ngazi, sauti moja baada ya nyingine, kwenda juu na kurudi. Ubao ulikuwa umekufa. Zilitoka kama mtu anagonga boksi la viatu. Ila kimo cha kila sauti kilikuwa cha kweli, na pale kwenye ya tatu ilipita chini pale, mahali ambapo hakuwahi kumshushia mtu. Ngazi nzima ya nyumba ile ilikuwepo. Nyumba ndiyo haikuwepo.

"Tena," alisema Bi Mwanaidi.

Nikapiga tena. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Tena."

Sikuhesabu.

Mwisho alisimama, akaifunga ganuni kwenye kanga zake mbili, akaipakata. Mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imekwisha:

"Sijakusamehe. Lakini ganuni haijawahi kukaa nyumbani kwangu haijasawazishwa. Ijumaa uje."

*

Naenda kila Ijumaa. Bado nipo kwa Fundi; ameninyima mshonaji, na mimi sijaiomba. Bi ananiwekea chai, hasemi mengi. Nafungua kanga, nasawazisha nyuzi sabini na mbili za kitu kisichosema, na sauti ya tatu naiacha chini. Inanichukua saa moja na kitu. Siku moja nilifanya mzaha, akacheka, halafu akakumbuka, akaacha.

Wimbo ule tulioushona ulifutwa, lakini mimi nimefundishwa na Maalim Mbaruku: nikisikia kitu mara moja ninacho. Kichwa changu hakina kitufe cha kufutia. Kwa hiyo kila Ijumaa nikimaliza waya wa mwisho, vidole vinabaki juu ya nyuzi, vimeshajipanga, vinataka kuendelea. Bi Mwanaidi huviangalia vidole vyangu, na mimi nahesabu pumzi mpaka nivitoe.

Ijumaa iliyopita nilichelewa kuvitoa. Hakuniambia niache. Alikuwa ameshainamisha kichwa upande mmoja, kama siku ile.